Minnesota hadi Tucson kabla ya theluji: njia tatu kwa wastaafu wawili na gari moja

Wazee wetu waliohamia Minnesota wakiwa vijana, wakalea watoto huku wakifanya zamu mbili mbili hospitalini na viwandani, sasa wanastaafu. Magoti hayataki tena barafu ya barazani, na koleo la theluji limekuwa mzigo. Wengi wameanza kufanya kile ambacho wenyeji wa kaskazini wamekifanya kwa miongo mingi: vuli ikiingia wanafunga nyumba, wanapakia gari, wanashuka kusini hadi jangwa la Arizona, na hawarudi mpaka Aprili.

Wakija kuomba ushauri, la kwenda au kutokwenda huwa limekwisha amuliwa. Kinachowakwamisha ni njia ya kushika. Simu itawapa ile yenye dakika chache zaidi. Haijui kwamba mama ana presha, wala kwamba mzee haoni vizuri jua likishazama, na haijali kama mnaondoka Oktoba mosi au Novemba 20. Hayo ndiyo yanayoamua, kwa hiyo nimeziweka hapa njia tatu bega kwa bega ili kila nyumba ipime yenyewe.

Zote zinaanzia Minneapolis na kuishia Tucson. Ya kwanza inashuka na barabara kuu ya I-35 hadi Kansas, halafu inakata mshazari kwa barabara ya US 54 kupitia kona za Oklahoma na Texas hadi kusini mwa New Mexico. Ya pili inaendelea na I-35 mpaka Oklahoma City, inageuka magharibi kwa I-40 hadi Flagstaff, kisha inateremka Phoenix na kumalizia Tucson. Ya tatu inatoka kwa I-90 kuvuka South Dakota, inaingia Wyoming, na kuifuata milima ya Rocky kwa I-25 kupitia Denver, Santa Fe na Albuquerque.

Tunapima nini

*Umbali na siku.* Kwa wenye miaka 65 na kuendelea napendekeza maili 300 hadi 350 kwa siku, yaani kilomita 480 hadi 560, na kushuka garini kila baada ya saa mbili mtembee kidogo. Kukaa kitako muda mrefu kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu, na hatari hiyo huongezeka kwa umri.

*Miinuko na hewa.* Minneapolis iko mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari. Njia zote tatu hupita mahali penye zaidi ya mita 2,000, juu kuliko Nairobi. Tofauti ni mtakaa huko juu kwa muda gani, na kama mtalala huko. Kuhusu theluji ya mapema, waliokuwepo Minneapolis mwaka 1991 wanakumbuka: dhoruba iliyoanza Oktoba 31 ilimwaga zaidi ya sentimita 70 kabla Novemba haijafika tarehe 4.

*Usukani.* Hapa naangalia kama barabara imegawanywa katikati au magari yanapishana uso kwa uso, malori ni mengi kiasi gani, na upepo unapiga kutoka wapi. Wanyama nao wamo. Oktoba na Novemba ni msimu wa kulungu kupandana, na alfajiri na magharibi huvuka barabara bila kuangalia chochote. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zikisharudishwa nyuma, jua huzama mnamo saa kumi na moja jioni. Hivyo saa kumi muwe mmeshachukua ufunguo wa chumba.

*Huduma.* Hospitali yenye daktari wa moyo, duka la dawa, mafuta, na moteli yenye chumba cha chini ambacho mtu mwenye goti bovu anaingia bila ngazi.

*Vya kuona.* Safari ya siku tano au sita bila cha kutazama huzaa ugomvi ndani ya gari. Raia na wakazi wa kudumu wa Marekani wenye miaka 62 na zaidi wanaweza kununua pasi ya wazee ya hifadhi za taifa, dola 80 kwa maisha yote, na inawaingiza na abiria waliomo ndani ya gari. Inunueni kabla ya kuondoka, maana kila njia hapa inagusa angalau hifadhi moja.

Mimi nayapa uzito zaidi miinuko na usukani. Maili 300 za ziada zitawagharimu usiku mmoja zaidi wa moteli. Barafu kwenye mteremko inaweza kuwagharimu gari zima, na zaidi ya gari.

Njia ya kwanza: US 54, mkato wa mshazari

*Umbali na siku.* Ndiyo fupi: takriban maili 1,650, kilomita 2,650. Siku tano zinatosha. Mnaweza kulala kusini kidogo ya Des Moines, kisha Wichita, kisha Dalhart ya Texas, kisha Alamogordo, na siku ya tano mkaingia Tucson. Siku ya pili ndiyo ndefu, lakini yote ni barabara kuu.

*Miinuko na hewa.* Sifa yake kubwa iko hapa. Nyanda za Kansas na Texas zinapanda polepole mno hata hamhisi kama mnapanda. Sehemu ya juu ni karibu na kijiji cha Corona, New Mexico, kwenye mita 2,000 na kidogo, mnapita na kuanza kuteremka. Alamogordo penyewe ni mita 1,300 hivi, kwa hiyo mnalala mahali ambapo pumzi haikatiki. Kabla ya Las Cruces kuna mlima mmoja wa mwisho, San Augustin, wa mita 1,740. Corona inaweza kupata theluji ya vuli, ila eneo la kuhofia ni dogo, na mkilala Santa Rosa mnaweza kungoja asubuhi ijiweke sawa.

*Usukani.* Sasa udhaifu wake. Magharibi ya Wichita barabara pana hatimaye inaisha, na kwa sehemu kubwa ya safari mnapishana uso kwa uso na malori ya ng'ombe na ya nafaka. Kila lori likipita gari linatikisika. Mkikaribia Guymon na Dalhart mtafunga madirisha, maana mazizi ya kunenepeshea ng'ombe yana harufu inayoingia hadi kwenye nguo. Kulipita lori kwenye barabara ya namna hii kunataka macho mazuri na uamuzi wa haraka, na hapo ndipo mazungumzo ya aina hii huzuka:

"Baba, usilipite hilo."

"Mama, tumekaa nyuma yake tangu Liberal."

"Na tutakaa nyuma yake mpaka Guymon. Tunakimbilia wapi?"

Mama ana haki. Kati ya Liberal na Guymon ni maili 40 tu, na njia hii ni salama kwa anayekubali kukaa nyuma ya lori. Asiyeweza kuvumilia, achague nyingine.

*Huduma.* Wichita ni mji mkubwa wenye kila kitu. Baada yake mnapata miji midogo yenye hospitali ndogo, moteli za bei nafuu na mafuta ya kutosha, hadi Santa Rosa. Hapo jazeni tangi hata kama limebaki nusu. Kutoka Santa Rosa hadi Alamogordo ni karibu kilomita 290 zenye miji midogo michache tu kama Vaughn, Corona na Carrizozo, na simu hupoteza mtandao mara kwa mara.

*Vya kuona.* Greensburg, Kansas, ni mji uliofutwa karibu wote na kimbunga cha Mei 4, 2007 ukajengwa upya kwa majengo yanayotumia nishati kidogo. Pana kisima kilichochimbwa kwa mkono miaka ya 1880, chenye kina cha mita 33, na mtu anaweza kushuka ngazi kukitazama. Kati ya Carrizozo na Alamogordo kuna Three Rivers, ambako miamba ina michoro zaidi ya 21,000 iliyochongwa na wenyeji wa kale.

Halafu kuna White Sands. Hifadhi hii iko robo saa tu kutoka Alamogordo, kando ya barabara mnayopita. Mchanga wake ni wa jasi, mweupe kama chumvi, na tofauti na mchanga wa kawaida haushiki joto la jua. Mama mwenye miguu inayovimba anaweza kuvua viatu na kutembea juu yake adhuhuri ukiwa baridi chini ya nyayo. Jambo moja la kujua: jirani kuna uwanja wa jeshi wa kujaribia makombora, na wakati wa majaribio barabara ya US 70 pamoja na hifadhi vinaweza kufungwa kwa saa moja au zaidi. Pigeni simu hifadhini jioni ya kabla yake. Na mkitaka kukaa White Sands vizuri, msilazimishe kufika Tucson siku hiyo hiyo. Laleni Las Cruces au Deming.

*Inamfaa nani.* Wanaoondoka kwa kuchelewa, wenye presha au maradhi ya mapafu wasiotaka kulala milimani, na wenye dereva mtulivu anayeona vizuri mbali.

Njia ya pili: I-40, barabara pana

*Umbali na siku.* Maili 1,935 hivi hadi Tucson, kilomita 3,100. Siku sita. Hesabu inabadilika sana kwa wanaokwenda Phoenix au Mesa badala ya Tucson. Kwao I-40 ni maili 1,820 na US 54 ni maili 1,760, na tofauti ya maili 60 haifai kuwa sababu ya kuchagua chochote.

*Miinuko na hewa.* Mpaka Amarillo hakuna shida. Albuquerque ni mita 1,600 hivi. Baada ya hapo barabara inabaki juu, inapita kigongo kinachogawa maji ya bara kwenye mita 2,200, na Flagstaff penyewe ni mita 2,100 katikati ya misonobari. Flagstaff ni mji wa theluji nyingi. Watu husikia "Arizona" wakadhani jua la mwaka mzima, wakafika Novemba na viatu vya wazi wakakuta magari yanakwanguliwa barafu. Kisha kuna I-17, inayowashusha kutoka mita 2,100 hadi mita 330 za Phoenix ndani ya maili 145. Kukiwa kukavu ni safari nzuri sana, misonobari inageuka vichaka na vichaka vinageuka madungusi. Shukeni kwa gia ndogo, msiichome breki, hasa mkiwa na trela.

Faida ya njia hii ni kwamba ina mlango wa dharura, na ningependa kila mzee aujue. Mkifika Albuquerque mkasikia Flagstaff kuna theluji, geukeni kushoto. Shukeni kwa I-25 hadi Hatch, mkate hadi Deming, mshike I-10. Kutoka Albuquerque hadi Tucson kwa huko ni maili 450 hivi, wakati kupitia Flagstaff ni karibu 585. Mnaikwepa theluji na mnaokoa maili juu yake.

*Usukani.* Yote imegawanywa katikati, njia mbili kila upande, mabega mapana, vituo vya kupumzikia. Kwa dereva anayeogopa kupishana, hapa moyo unatulia. Malori ni mengi mno lakini yanakwenda upande wenu. Cha kuangalia ni upepo wa Texas: barabara inaelekea magharibi, upepo wa kusini au kaskazini unapiga gari ubavuni, na mwenye trela au mizigo juu ya paa atashika usukani kwa nguvu siku nzima. Karibu na Flagstaff kuna kulungu wakubwa wenye uzito wa ng'ombe, hivyo sehemu hiyo ipiteni mchana.

*Huduma.* Hakuna inayoishinda. Wichita, Oklahoma City, Amarillo, Albuquerque, Flagstaff, Phoenix: hamkai nusu siku bila mji wenye hospitali kubwa. Moteli zimejaa kila mji mdogo. Angalizo pekee ni Albuquerque mwanzoni mwa Oktoba, wakati wa tamasha la maputo ya hewa moto linalofanyika tangu 1972. Vyumba huadimika na bei hupanda. Ama mweke chumba miezi kabla, ama mlale Santa Rosa.

*Vya kuona.* Oklahoma City kuna bustani ya kumbukumbu ya watu 168 waliouawa kwa bomu Aprili 19, 1995, yenye kiti kimoja kwa kila aliyekufa. Kusini ya Amarillo kuna bonde la Palo Duro. Arizona mnapita katikati ya Petrified Forest, ambako magogo ya zaidi ya miaka milioni 200 yamegeuka jiwe la rangi nyekundu, zambarau na njano. Barabara ya hifadhi ni maili 28 tu, na mengi yanaonekana bila kutembea mbali. Grand Canyon iko maili 80 kutoka Flagstaff. Kwa asiyewahi kuiona, ongezeni siku. Kuipita hivi hivi mtajuta Tucson msimu mzima.

*Inamfaa nani.* Dereva asiyependa barabara nyembamba, mgonjwa anayetaka hospitali karibu, wenye trela, na wote wanaokwenda Phoenix na vitongoji vyake.

Njia ya tatu: I-25, kando ya milima

*Umbali na siku.* Maili 1,940 hivi, sawa na I-40. Siku sita kwa hesabu, lakini njia hii ikiendeshwa kwa siku sita ni hasara. Ipeni nane.

*Miinuko na hewa.* Hapa lazima niseme wazi. Hii ni njia ya Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba. Hata hivyo haina uhakika: mwanzoni mwa Oktoba 2013 dhoruba iliua maelfu ya ng'ombe magharibi mwa South Dakota, wakiwa bado malishoni bila manyoya ya baridi. South Dakota na Wyoming hufunga barabara kuu kwa mageti dhoruba ikizidi, na mkifungiwa mnakaa mlipo. Kusini ya Denver barabara inapanda mita 2,240, na mpakani mwa Colorado na New Mexico kuna mlima wa Raton wa mita 2,388, ndio mrefu kuliko sehemu zote za njia hizi tatu. Santa Fe, mnapotaka kulala, ni zaidi ya mita 2,100. Mwenye moyo au mapafu yenye matatizo aongee na daktari wake kwanza, anywe maji mengi, na siku ya kwanza ya juu asipande ngazi bila sababu.

*Usukani.* Mchanganyiko. I-90 ya South Dakota imenyooka na watu wanaruhusiwa maili 80 kwa saa, nanyi kaeni kulia kwa mwendo wenu. Kutoka Rapid City hadi Cheyenne, kupitia Hot Springs, Lusk na Torrington, ni nyanda tupu zenye upepo mkali wa ubavuni. Kisha kutoka kaskazini ya Denver hadi Colorado Springs mnaingia kwenye msongamano wa jiji kubwa. Upiteni Jumapili asubuhi. Baada ya Pueblo magari yanapungua, na New Mexico yote ni raha.

*Huduma.* Rapid City, Cheyenne, miji ya Colorado na Albuquerque zina hospitali nzuri. Kati ya Rapid City na Cheyenne, na kati ya Raton na Las Vegas ya New Mexico, kuna upweke wa kutosha kuwafanya mjaze mafuta mapema.

*Vya kuona.* Kama safari ni ya macho, mizani inalalia huku. Hifadhi ya Badlands ina barabara inayotoka I-90 na kurudi I-90 kwenye mji wa Wall, na vilima vyake vya mistari ya udongo vinaonekana kutoka kwenye kiti cha gari. Santa Fe ni mji wa 1610 wenye nyumba za udongo. Hatch ni mji wa pilipili: msimu wa mavuno wanazichoma barabarani ndani ya mapipa ya matundu yanayozungushwa juu ya moto wa gesi, ngozi inababuka, na moshi wake unawafikia kabla hamjapaona. Pilipili zilizobaki hufungwa mikungu mirefu myekundu na kutundikwa mlangoni. Nunueni za kijani zilizochomwa, zigandisheni, mtazipikia msimu mzima.

Lakini sababu ambayo ningeitetea mbele ya yeyote ni Bosque del Apache, hifadhi ya ndege kusini ya Socorro. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba korongo kutoka kaskazini wanashukia mabwawa yake kwa maelfu na kukaa hadi Februari. Wanalala wamesimama majini. Kabla jua halijatoka mnaegesha kando ya bwawa, mnasikia sauti zao za kukwaruza zikiongezeka, kisha wanaanza kupiga hatua, kuinama mbele, na kuruka makundi kwa makundi. Hakuna haja ya kutembea. Mzee anaweza kukaa garini na blanketi na chupa ya chai akaona yote. Tatizo ni kwamba tarehe nzuri ya korongo si tarehe nzuri ya Raton. Suluhisho lipo: fikeni Bosque kwa kutumia I-40 na ule mlango wa Albuquerque. Hata wa US 54 hawakosi, kwa sababu korongo wengine hukaa mabondeni karibu na Willcox, Arizona, kando ya I-10.

*Inamfaa nani.* Wenye afya nzuri, madereva wawili wa kupokezana, wasio na haraka, na wanaoondoka mapema.

Yanayowahusu wote

Njia mbili za kwanza zinapita barabara ya kulipia ya Kansas, ambayo tangu Julai 2024 haipokei pesa taslimu. Kamera inapiga picha namba ya gari na bili inatumwa kwa posta kwenye anwani ya usajili, yaani kwenye nyumba mliyoifunga. Nunueni kifaa cha malipo cha kubandika kiooni, au mwachieni kijana wenu jukumu la kufungua barua.

Kati ya Lordsburg na mpaka wa Arizona, I-10 inapita kwenye ziwa kavu, na vumbi linaweza kufunika barabara ghafla kiasi cha kutoona boneti ya gari. Kati ya Phoenix na Tucson pia hutokea. Mkiliona ukuta wa vumbi mbele, tokeni kabisa nje ya lami, zimeni taa zote, toeni mguu kwenye breki ya miguu, vuteni breki ya mkono, mngoje. Ni muhimu kuzima taa kwa sababu dereva anayekuja nyuma bila kuona atazifuata taa zenu akidhani ndiyo barabara.

Kusini mwa New Mexico na Arizona kuna vituo vya askari wa mpaka vinavyosimamisha magari barabarani. Asiye raia mwenye miaka 18 na zaidi anatakiwa kisheria awe na kadi yake ya ukazi wakati wote. Iwe mfukoni, isifungiwe kwenye sanduku lililo chini ya mizigo.

Dawa bebeni za safari na wiki mbili za ziada. Mwenye Medicare (bima ya afya ya wazee) ya kawaida ya serikali hutibiwa na daktari yeyote nchini anayeipokea. Mwenye mpango wa kampuni binafsi apige simu kabla ya kuondoka, kwani mingi hubana madaktari wa eneo la nyumbani na nje yake hulipia dharura na matibabu ya haraka tu.

Arizona haibadilishi saa zake. Mkiingia kutoka New Mexico kabla ya Jumapili ya kwanza ya Novemba mnapata saa moja zaidi. Baada yake saa ni zile zile. Wenye kumeza dawa kwa saa wakumbuke.

Sasa ninyi mko wapi?

*Mnaondoka kati ya katikati ya Septemba na Oktoba 10, wote mna nguvu:* I-25 ni haki yenu. Tucson bado itakuwa na joto kali, kwa hiyo hakuna cha kuwahi. Msiipange Albuquerque katika siku za maputo kama hamna chumba.

*Mnaondoka nusu ya pili ya Oktoba:* hapa I-40 na US 54 zinalingana, na anayeamua ni dereva. Akiogopa kupishana na malori, I-40. Akiogopa mteremko na barafu, US 54.

*Mnaondoka Novemba, baada ya kliniki ya mwisho au baada ya kupiga kura:* anzeni na US 54. Mkiipenda I-40, shikeni nia ya kugeukia Albuquerque, na Flagstaff iwe zawadi hali ya hewa ikiruhusu.

*Dereva ni mmoja tu:* I-40, siku saba badala ya sita. Usiku wa ziada uwe Oklahoma City au Amarillo, kabla uchovu haujaingia.

*Mmoja ana moyo au mapafu mabovu:* pimeni mambo mawili yanayovutana, urefu wa mahali pa kulala na umbali wa hospitali. I-40 mkigeukia Albuquerque inawapa yote kwa kiasi. US 54 inawapa hewa nzito zaidi lakini hospitali ndogo. Daktari wenu ndiye anayejua lipi lina uzito zaidi.

*Mnavuta trela:* I-40, na I-17 muiruke kwa kushuka Albuquerque, isipokuwa dereva amezoea miteremko mirefu.

*Mnakwenda Phoenix au Mesa:* sahauni umbali, angalieni tarehe na barabara tu.

*Hamuelewani:* nendeni kwa njia moja na mrudi Aprili kwa nyingine. Ila msirudi kwa I-25 kabla ya kuangalia hali ya Raton na Wyoming, kwani Aprili huko bado ni mwezi wa theluji. Majimbo mengi hutoa taarifa za barabara kwa namba 511. Ipigeni asubuhi kabla ya kuwasha gari, na tena mchana mkisimama kula.